Asiyefunzwa na Mamaye: Nyumba, Shule na Sheria katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Mwaka 1858 una mambo mawili ambayo wanahistoria hawakuzoea kuyaweka katika ukurasa mmoja. Katika mwaka huo, kwa hesabu inayokubaliwa na wengi, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, hali akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa kumfunza dini, adabu na maisha ya unyumba. Na tarehe 3 Agosti ya mwaka huo huo, Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza pamoja na msafara ulioongozwa na watu wa pwani, akalitazama lile ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, akalipa jina la malkia wa kwao. Huku mwalimu alikuwa mama, mwanafunzi binti, na darasa chumba cha mgonjwa. Kule alisimama mtu ambaye nyuma yake zingefuata bendera, misheni na, hatimaye, kengele ya shule.

Nimeyaweka mambo hayo pamoja kwa sababu kati ya 1858 na 1978 ni miaka 120 kamili, na katika miaka hiyo mtoto wa mwambao wa Nyanza alihamishwa kutoka katika mafunzo ya nyumbani hadi mahali ambapo mzazi asiyempeleka shuleni huhesabiwa mkosaji mbele ya sheria. Siku hizi wapo wazazi, hasa mijini, wanaouliza kama yaruhusiwa kumfundisha mtoto nyumbani, na kama yaruhusiwa, yagharimu kiasi gani. Wengi hulidhani swali hilo ni geni, limekuja kwa ndege kutoka Marekani. Kwa hakika ni swali la zamani lililogeuzwa nguo tu. Babu zetu hawakuuliza kama nyumba yaweza kufunza. Waliulizwa kwa nini nyumba iache kufunza, na jibu walilipa kwa mbuzi, kwa pamba na kwa shilingi.

Tuanze na nyumba yenyewe. Kwa Wasukuma, moto wa jioni uitwao shikome ulikuwa mahali pa wazee na vijana wa kiume. Hapo ndipo zilipotolewa habari za ukoo, za mipaka ya malisho, za magonjwa ya ng'ombe, na mashauri ya nani kakosa na alipe nini. Wasichana walifunzwa na mama na bibi zao, jikoni, shambani na kisimani. Watunzi wa nyimbo za ngoma, katika ushindani wa makundi makuu mawili ya Bagika na Bagalu, walifunza lugha na kumbukumbu kwa namna ambayo mshairi yeyote wa Pemba au Lamu angeitambua mara moja, kwani hapakuwa na sifa bila kumshinda mwenzio kwa neno. Mafunzo hayo yalikuwa na gharama zake. Mtoto alilipa kwa kazi, mzazi alilipa kwa muda, na fundi wa uganga au wa uhunzi alilipwa kwa kuku, mbuzi au utumishi wa miaka. Msomaji wa pwani hatalishangaa hilo, kwa kuwa chuo cha Qur'ani nacho kilikuwa na haki ya mwalimu, na mtoto aliyehitimu juzuu hakurudi kwa mwalimu wake mikono mitupu.

Tusidhani kuwa pwani na ziwa walikuwa wageni kwa wageni. Kabla ya misheni yoyote, wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili walikwisha kutia nanga Kageye, kusini mwa ziwa, na mmoja wao, Songoro, alijulikana sana Ukerewe, ambako aliuawa mwezi wa Desemba 1877 katika vita na Omukama Lukonge. Waliobaki walikuja na misahafu yao na desturi ya kufunza watoto barazani.

Shule ya kizungu iliingia mwambaoni kwa njia ambayo yafaa kuitafakari. Mapadri Weupe walijenga misheni Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883, na miongoni mwa wanafunzi wao wa mwanzo walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Hao hawakuwa na mama wa kuwafunza wala moto wa jioni wa kuukalia. Nyumba yao ilikuwa imevunjwa na biashara ya watu. Kwa hiyo shule ya kwanza haikumnyang'anya mzazi mtoto. Ilichukua nafasi ya mzazi ambaye hakuwapo. Baadaye, wakati shule zilipoanza kuomba watoto wenye wazazi, ile tabia ya kujiona nyumba ya pili, tena nyumba bora kuliko ya kwanza, haikuziacha.

Kisa cha Aniceti Kitereza kinaonyesha vema kilichopatikana na kilichopotea. Alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo uliotawala kisiwa hicho. Alipelekwa misheni ya Kagunguli akingali mtoto, kisha seminari ya Rubya huko Bukoba, alikokaa takriban miaka kumi akisoma Kilatini na elimu nyingine. Alirudi kisiwani, akawa katekista na mfasiri wa misheni, na kwa kuhimizwa na padri Almas Simard akaanza kuandika yale ambayo shule haikumfunza. Mwaka 1945 alikuwa amekamilisha kwa Kikerewe riwaya kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na Ntulanalwo na Bulihwali. Humo mna kilimo, uvuvi, uwindaji, dawa, posa, pombe ya ndizi, mazishi, na namna ya kumsalimu mkwe. Kwa lugha ya leo tungesema aliandika mtaala mzima wa elimu ya nyumbani.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba yeye na mkewe, Anna, hawakujaliwa mtoto aliyeishi. Alikuwa akiwaandikia watoto wa wengine, ambao tayari walikuwa shuleni wakijifunza kusahau. Kitabu hakikupata mchapishaji kwa miaka mingi. Alikitia mwenyewe katika Kiswahili, kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mikononi. Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika, alikitafsiri kwa Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 2002. Wanaosema kwamba nyumba haina mtaala wangefaa kusoma kurasa mia moja tu za kitabu hicho.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuilaumu shule. Kitereza aliweza kuyahifadhi mafunzo ya nyumba kwa sababu shule ilimpa kalamu. Bila Kagunguli na Rubya angekuwa mzee mmoja zaidi aliyekufa na maktaba yake kifuani.

Serikali ya Waingereza, baada ya kuipokea Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, ilitunga Sheria ya Elimu ya mwaka 1927. Sheria hiyo ilizitaka shule zisajiliwe, na ikaweka utaratibu wa serikali kuzisaidia kwa fedha shule za misheni zilizokaguliwa na kuridhisha. Shule ndogo za makatekista vijijini na vyuo vya Qur'ani vilibaki nje ya msaada huo. Hapo ndipo elimu ilipogawanywa mafungu mawili: ile yenye daftari la mkaguzi na ile isiyo nalo. Sheria hiyo haikumlazimisha mzazi wa Kiafrika kupeleka mtoto. Ilimlazimisha mwenye shule tu kujiandikisha. Ada, umbali na uchache wa nafasi ndivyo vilivyochagua nani asome. Katika Usukuma ada ilitoka kwenye pamba. Bei ilipokuwa njema, kama katika ile miaka ya 1950 ambapo vyama vya ushirika viliungana na kuunda Victoria Federation mwaka 1955, watoto wengi zaidi walionekana darasani. Bei iliposhuka, aliyerudishwa kwanza nyumbani alikuwa msichana.

Hapa inafaa tuwatazame watawala wetu wawili wa zamani, maana kwao wenyewe walikuwa na sheria zinazopingana. Uingereza, katika Sheria yake ya Elimu ya mwaka 1944, ilimpa mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anapata elimu inayomfaa, ama kwa kuhudhuria shule ama kwa njia nyingine. Maneno hayo machache ya mwisho ndiyo mlango ambao wazazi wa Kiingereza wanaofundisha nyumbani wanaupitia hadi leo. Ujerumani ilishika njia nyingine: Katiba yake ya mwaka 1919 iliweka wajibu wa kuhudhuria shule, sheria ya 1938 ikaukaza, na hata sasa mzazi wa Kijerumani hana ruhusa ya kumtoa mtoto shuleni ili amfundishe mwenyewe. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyakataa malalamiko ya wazazi wa Kijerumani waliotaka ruhusa hiyo. Sisi tuliotawaliwa na wote wawili tulirithi mengi kutoka London, lakini katika jambo hili, kama tutakavyoona, maandishi ya sheria yetu yanakaribia zaidi fikra ya Berlin.

Mtu aliyetia saini sheria hiyo alikuwa mtoto wa ziwa. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mashariki ya Nyanza, na hakuanza shule mpaka mwaka 1934, alipopelekwa Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Miaka hiyo yote ya mwanzo alifunzwa na nyumba: mifugo, wazee, bao na mazungumzo ya baraza la baba yake, Mtemi Burito. Mwalimu huyo ambaye baadaye angemtafsiri Shakespeare mara mbili, mwaka 1963 na mwaka 1969, angehesabiwa mtoro kwa sheria aliyoipitisha mwenyewe. Halikuwa kosa la mantiki. Ni kwamba aliwaona wenzake wa malishoni ambao hawakuitwa kamwe, na akajua kwamba kilichompata yeye kilikuwa bahati, na taifa haliwezi kujengwa kwa bahati za mtu mmoja mmoja.

Kabla ya kuwalazimisha watoto, serikali ilianza na wazazi. Kuanzia mwaka 1968 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa UNESCO katika mikoa ya ziwa, mradi wa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vya kusomea havikuwa vya hadithi za sungura. Vilizungumzia pamba, uvuvi, migomba, ng'ombe na siha ya nyumbani, ili mtu ajifunze herufi kwa njia ya kazi yake. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na ikaamuliwa kwamba sehemu sita zifute ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa 1971. Kati ya hizo sita, mbili ni visiwa: Mafia ya pwani na Ukerewe ya ziwa. Nadhani ni mara chache visiwa hivyo viwili vimewahi kutajwa katika sentensi moja, na sijui kwa nini washairi hatujaitungia sentensi hiyo.

Kisomo kilifanyika chini ya miembe, katika makanisa, katika nyua za watu. Walimu walikuwa wa kujitolea: waliomaliza darasa la saba, makarani, na hata wanafunzi wa madarasa ya juu. Kwa hiyo yalitokea mambo ambayo sheria yoyote ya elimu ingetatizika kuyapa jina, mtoto akimfundisha mama yake kusoma, nyumbani kwao wenyewe, kwa taa ya kibatari. Kutoka Mwanza likatolewa gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma nchini walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia mwaka 1986 wakashuka hadi asilimia 9.6. Hata kama mtu atazipunguza hesabu hizo kwa tahadhari, haiwezekani kukana kwamba kwa muda mfupi nyumba na shule zilikuwa kitu kimoja.

Wakati huo huo shule yenyewe ilikuwa ikibadilishwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Novemba 1974, mjini Musoma, kando ya ziwa hilo hilo, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Mwaka 1978 ikatungwa Sheria ya Elimu namba 25, ambayo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo msingi wa mambo haya Tanzania Bara. Visiwani, ambako elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, njia ilikuwa nyingine: elimu bure ilitangazwa tarehe 23 Septemba 1964, na Zanzibar ikawa na sheria yake ya elimu mwaka 1982.

Kifungu cha 35 cha sheria ya 1978 ndicho kiini cha swali letu. Kinasema kwa ufupi kwamba mtoto aliyetimiza miaka saba lazima aandikishwe katika elimu ya msingi, kwamba aliyeandikishwa lazima ahudhurie mpaka amalize, na kwamba mzazi ndiye wa kuhakikisha hayo. Asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini au kufungwa. Hakitaji elimu ya nyumbani, si kwa kuiruhusu wala kwa kuikataza. Ile njia nyingine ya Waingereza haimo. Wakati huo huo sheria yaagiza shule isajiliwe na mwalimu awe na idhini. Mzazi anayemfundisha mwanawe sebuleni, basi, si mwenye shule wala si mwalimu kwa macho ya sheria. Na mwanawe, kama hayumo katika daftari la shule yoyote, ni mtoto asiyeandikishwa.

Lakini sheria za nchi hazisemi kwa sauti moja. Sheria ya Mtoto namba 21 ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto elimu na maongozi, sambamba na chakula, malazi, mavazi na matibabu. Haikusema shule. Nayo Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inatumia neno zuri mno: inampa kila mtu haki ya kujielimisha. Sisi ambao hatukuwa na bahati ya madarasa marefu, tukaokota lugha na ushairi vitabuni na barazani, tunalithamini neno hilo. Basi Katiba yasema kujielimisha, Sheria ya Mtoto yasema elimu, na Sheria ya Elimu yasema kuandikishwa. Maneno matatu hayo si mamoja. Afisa wa kata anayegonga mlango, hata hivyo, huja na la tatu, kwa kuwa hilo ndilo lenye daftari.

Majirani nao wamo katika mgongano huo. Kenya ilitunga Sheria ya Elimu ya Msingi mwaka 2013 inayomlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto, na mwaka 2021 wazazi waliokuwa wakifundisha nyumbani walilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu.

Sasa tuje kwenye gharama. Ada iliyofutwa mwaka 1973 ilirudi kwa majina mengine katika miaka ya shida ya 1980, ikaitwa mchango, na wazazi wengi wa umri wangu wanaikumbuka kwa jina la UPE. Ilifutwa tena mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza mwaka 2002 madarasa yalifurika. Kufikia mwaka 2005 wanafunzi wa shule za msingi nchini walipita milioni saba. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ukafuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 msamaha ukafika kidato cha sita. Kilichobaki kwa mzazi ni sare, viatu, madaftari, chakula cha mchana, matibabu, na ile michango ambayo haifi bali hubadilisha jina. Kwa mvuvi wa Igombe au mkulima wa Magu, gharama kubwa kuliko zote haimo katika waraka wowote: ni mikono ya mtoto. Tangu biashara ya sangara ilipowaka katika miaka ya 1980 na viwanda vya minofu kujengwa Mwanza katika miaka ya 1990, mvulana aliyeweza kuvuta nyavu au kubeba karabai za kuvulia dagaa alikuwa na bei yake mwaloni kila usiku. Shule ilishindana na fedha taslimu. Mara nyingi ilishindwa, na hakuna aliyemwita mtoto huyo mwanafunzi wa nyumbani.

Na anayetaka kufundisha nyumbani kwa nia njema? Huyo hulipa mara mbili. Kwanza hulipa kwa muda wa mtu mzima mmoja asiyefanya kazi nyingine, na katika nyumba ya mshahara mmoja hilo ni jambo la wenye nafasi. Pili hulipa mlangoni mwa mtihani. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hupitia shule iliyosajiliwa, kwa hiyo mtoto wa nyumbani sharti atafutiwe shule ya kumwandikisha. Kwa sekondari mlango ni mpana zaidi. Baraza la Mitihani, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, linawapokea watahiniwa wa kujitegemea. Asiyesoma sekondari hufanya kwanza mtihani wa maarifa, ambao ada yake katika miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000 kwa anayejisajili kwa wakati. Kisha mtihani wa kidato cha nne, shilingi 50,000. Na anayechelewa huongezewa faini. Ada hizo si kubwa kwa mwenye ajira. Kwa binti wa Sengerema anayeuza nyanya, ni mtaji mzima.

Nimemtaja binti kwa makusudi. Kwa miaka mingi mlango wa watahiniwa wa kujitegemea haukuwa wa wazazi waliochagua nyumba. Ulikuwa wa wasichana waliofukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito. Hao walisomea nyumbani kwa adhabu. Ruhusa yao ya kurudi ilitangazwa Novemba 2021. Kadhalika MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ulibuniwa kwa ajili ya wale ambao kifungu cha 35 kiliwapita bila kuwaona.

Kuna sababu nyingine inayotuzuia kuisifu nyumba kupita kiasi. Tangu miaka ya 2006 na 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Kanda ya Ziwa. Wazazi waliwaficha watoto wao ndani, wakawatoa shuleni, wasithubutu hata kuwatuma dukani. Hapo nyumba ilikuwa ngome. Lakini katika visa vingine hatari ilitoka miongoni mwa majirani na hata jamaa, na watoto wengi wakapelekwa katika shule za bweni kama Mitindo huko Misungwi na Buhangija huko Shinyanga. Hapo shule ndiyo ikawa ngome, ingawa kwa bei ya kumtenga mtoto na mama yake kwa miaka. Na katika mikoa hiyo hiyo wapo mabinti waliozuiwa nyumbani si ili wafundishwe bali ili waozwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa vinakiuka Katiba mwaka 2016 katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Daftari la mahudhurio, kwa msichana wa namna hiyo, ni shahidi. Likiwa tupu, walau mtu atauliza yuko wapi.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka kifungu cha 35 kifutwe. Kiliandikwa kwa ajili ya mtoto asiye na mtetezi, na mtoto huyo bado yupo. Wala siungi mkono wanaomtazama kila mzazi anayefundisha nyumbani kana kwamba ni mwizi wa mtoto wake mwenyewe. Machi 2020 serikali ilipozifunga shule zote kwa sababu ya korona, hadi zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni, kila nyumba nchini iliambiwa iwe darasa. Palikuwa na vipindi vya redio na televisheni, na palikuwa na akina mama wa Kirumba na Igogo waliokalisha watoto wao sakafuni na kuwasomesha hesabu kwa vizibo vya soda. Taifa lililoikabidhi nyumba kazi hiyo kwa zaidi ya miezi mitatu haliwezi kusema kwamba nyumba haijui kufunza.

Kilichokosekana ni maneno machache ya sheria. Sera ya Elimu iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025 imeongeza elimu ya lazima kutoka miaka saba hadi miaka kumi, na sheria italazimika kuifuata. Huo ni wakati wa kuandika pia kuhusu nyumba: kwamba mzazi anayetaka kufundisha amjulishe afisa elimu wa kata, jina la mtoto liwemo katika daftari, kwamba mtoto apimwe kila baada ya muda na mtu asiye wa nyumba hiyo, aonekane na kusikilizwa, na kwamba mlango wa mtihani wa msingi ufunguliwe kwa mtahiniwa wa kujitegemea kama ulivyo wa sekondari, kwa ada ambayo mvuvi aweza kuilipa. Hayo matatu hayamgharimu mtu mengi. Yanamlinda binti anayefichwa, na yanamwacha huru mama anayefunza.

Waswahili walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wengi huitumia methali hiyo kama kitisho, kana kwamba ulimwengu ni fimbo tu. Historia ya mwambao wa Nyanza yaisoma vingine. Mwana Hashima alifunzwa na mamaye, na utendi wake ukawafikia mabinti ambao mama zao hawakuujua. Kitereza alifunzwa na nyumba, kisha na ulimwengu, akaurudishia ulimwengu nyumba yake katika kitabu. Nyerere alifunzwa malishoni miaka 12 kabla ya kushika kalamu. Sheria yetu imejua kuwahesabu watoto waliomo darasani, na hilo si dogo. Bado haijajifunza kumwuliza mtoto amejua nini, na nani kamfunza.